Tawi Nililolibeba Kutoka Kikwe

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali moja kabla hata ya salamu: ni kweli, Gaudensi, ulikwenda kwenye matembezi ya kutetea uhai ukarudi na mtoto? Wengine mnauliza mkicheka, wengine mnauliza mkiangalia pembeni. Fundi mwenzangu pale gereji alinipa mkono wa pongezi akaushikilia muda mrefu kuliko pongezi yoyote inavyohitaji. Nimechoka kusimulia vipande vipande kwenye benchi la kahawa, kila mtu akiondoka na kipande chake na kwenda kukitia chumvi. Nimeona niwaandikie ninyi wachache niliokua nanyi, tangu tulipoondoka mpaka tuliporudi. Someni mpaka mwisho, maana nina ombi.

Mnanijua nilivyo. Mama yangu, Mnyaturu aliyeletwa Arusha na ndoa, alinilea akiniambia kwamba kizuri kinachokuja chenyewe lazima ukizunguke kwanza uone nyuma yake kuna nini. Mtu nisiyemjua akinisalimia kwa uchangamfu, najiuliza anataka nini. Kwa hiyo mkiona humu namshuku kila mtu, jueni sijaongeza kitu.

Matembezi yenyewe niliyaamini. Naamini mtoto aliye tumboni ni mtu, na nilitaka kutembea nikilisema hilo mchana kweupe. Niliokuwa na mashaka nao ni watembeaji wenzangu.

Sakina mpaka Kikwe

Mpango ulikuwa lori litupeleke Kikwe, tulale kigangoni, kwenye kanisa dogo la huko, kesho yake tuanze kurudi kwa miguu: Tengeru, kisha tupande Akheri tulale, halafu Moshono, mjini, na kumalizia kwa Misa hapa hapa Sakina. Niliuliza kwa nini tupelekwe mbali ili turudi tulikotoka. Boniventura, mwenyekiti wetu wa vijana, akanijibu kwamba hata wana wa Israeli walizunguka. Nikanyamaza, ingawa ninavyokumbuka wale walizungushwa kama adhabu.

Lori lilikuja asubuhi imekwisha kuwa mchana. Dereva akasema rejeta ilikuwa inachemsha. Mimi ni fundi, nikaomba nifungue boneti niangalie. Rejeta ilikuwa nzima na hata mipira yake ni mipya. Nikaenda nyuma kwenye bodi, nikakuta maganda ya vitunguu yamejaa kwenye pembe zote. Yule bwana alikuwa amepeleka mzigo wa mtu sokoni kwanza, sisi tukiimba nyimbo za Bikira Maria kando ya barabara ya Nairobi. Nilimwonyesha ganda moja. Akaniambia, bila aibu, kwamba rejeta za siku hizi hazitabiriki.

Kikwe tulipokelewa vizuri, na hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na hofu. Wenyeji walituwekea mikeka chini ya miti karibu na mfereji wa maji, wakaleta makande yaliyopikwa kwa maziwa. Mama mmoja akanikabidhi bakuli kubwa lililojaa mpaka juu, akatabasamu, akaondoka. Niliona ananijaribu kama nitadharau chakula cha shamba. Nikala lote, kwa shida, mpaka mahindi ya mwisho. Nilipoinua macho nikaona wenzangu watatu wa mkeka wameshika vijiko wananitazama. Bakuli lilikuwa la watu wanne. Mpaka tunarudi Sakina, kila tulipofika penye chakula walihakikisha nakaa mbali na chungu.

Kikwe mpaka Tengeru

Asubuhi Boniventura alitangaza kwamba kila mtu ashike tawi bichi, kama Jumapili ya Matawi, kuwa ishara ya uhai. Watu wakatawanyika. Mimi nilikuwa bado nakagua soli ya kiatu changu, na nilipomaliza, mipera na mikaratusi ya karibu ilikuwa imekwisha kunyolewa. Kilichobaki kilikuwa ua wa boma moja, ile mimea yenye majani marefu ya kijani iliyopandwa mstari mmoja mpakani. Nikaona majani yake magumu hayatanyauka upesi. Nikatoa kisu changu cha kazini nikakata shina dogo lenye jani refu moja lililoning'inia.

Mwenye boma, bibi wa makamo, alikuwa amesimama na jembe ananitazama. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia polepole, akaniangalia mimi, akaliangalia jani, akaniuliza kama safari yangu ni ya mbali. Nikamwambia naenda mpaka Akheri. Akasema Mungu akutangulie, akaingia ndani na kuegesha mlango. Sikuipenda ile sauti. Nikajua ameingia kupiga simu, kwamba kuna kijana wa mjini anakata mipaka ya watu.

Wakati tunajipanga ndipo nilipomwona yule dada. Hakuja na lori letu. Alikuwa na mtoto mgongoni, na khanga aliyojifunga juu ilikuwa ya kina mama wa Kilutheri, sote tunazijua. Tulipofanya ishara ya msalaba, yeye alimrekebisha mtoto mgongoni. Tuliposali rozari, midomo yake haikugusa Salamu Maria hata moja. Na alikuja kujipanga nyuma yangu hasa, ingawa mstari ulikuwa na nafasi nyingi. Nikahamisha simu kutoka mfuko wa nyuma kwenda wa mbele.

Tulitembea kwenye vumbi, mashamba ya nyanya na maharage kushoto na kulia, Mlima Meru mbele yetu umefunikwa kichwa na wingu. Jani langu lilikuwa linayumba nyuma ya bega kila nikipiga hatua. Baada ya muda nikasikia sauti.

"Kaka, hilo jani linamchoma mtoto machoni. Nipe nilifunge."

Nikampa. Alilikunja mara moja, akapiga fundo safi katikati, akalivuta likakaza. Alinirudishia kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo. Mimi ni nani mpaka nirudishiwe jani langu kwa mikono miwili? Nilishuku hata hiyo adabu, na nikaendelea kutembea huku nageuka kila mara kumwangalia.

Tengeru mpaka Akheri

Tengeru tuliingia siku ya soko, jambo ambalo aliyepanga safari alipaswa kulifikiria mapema. Tulipita katikati ya marundo ya ndizi na viatu vya mtumba tukiwa na bango letu la UHAI NI ZAWADI, na Boniventura akipaza sauti kwenye kipaza sauti chenye betri inayokufa. Wengine walitupigia makofi. Mama mmoja muuza ndizi, mnene, mwenye sauti iliyozoea kuvuka soko, alisimama mbele ya bango.

"Mnamtetea akiwa tumboni, sawa, hata mimi namtetea," akasema. "Na akishazaliwa, nani kati yenu anaandamana kumpeleka nyumbani?"

Boniventura akamjibu kwa mstari wa zaburi. Yule mama akamwambia zaburi anaijua, ameuliza swali. Nilihisi ametumwa atuharibie. Nikageuka nione nani anacheka, na nikamwona yule dada wa Kilutheri ameinamisha uso, machozi yanamdondoka, na mtoto anamvuta sikio.

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikamfuata Sista Pulkeria, mtawa aliyekuwa anatuongoza, nikamweleza kwamba kuna mtu kwenye mstari si wa kwetu, hasali, analia ovyo, na anafuata mgongo wangu tangu Kikwe. Sista alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya chungwa. Kisha akanivuta kando akaniambia.

Yule dada aliitwa Eliapenda, Mmeru wa Akheri, binti wa mzee wa kanisa la Kilutheri huko juu. Alipata mimba, na kijana aliyempa alikimbilia machimboni asionekane tena, wala hakuna hata mjomba wake aliyekwenda kwa baba wa binti kusema neno. Kuna watu walimshauri Eliapenda aitoe. Alikataa. Baba yake alipojua, alimwambia asivuke uzio wake tena, naye akashukia Kikwe kwa shangazi yake akajifungulia huko. Sasa shangazi naye amechoka kulisha watu wawili. Sista alikuwa amekwisha kwenda mara mbili kumwombea kwa baba, na mara zote mbili alipewa chai na kukataliwa. Eliapenda alikuwa anapanda na sisi kwa sababu aliogopa kupanda peke yake. Akikataliwa safari hii, hakuwa na pa kurudi.

"Kwa hiyo," akasema Sista, "tembea karibu naye, mwanangu, na umshikie mfuko."

Nikamwambia hana mfuko. Sista akasema ndiyo hivyo.

Niliona aibu, siwafichi. Lakini aibu na mashaka kwangu hulala kitanda kimoja. Nilipokuwa napanda naye ule mwinuko, migomba imetufunika, mifereji inapiga kelele kando ya njia, bado nilikuwa najiuliza: kwa nini mgongo wangu? Mvua ikatupiga, tukajibanza kwenye banda la kukobolea kahawa mpaka ikapungua. Nilimuuliza jina la mtoto. Akasema wanamwita Mdogo tu. Jina la mtoto wa kiume hutolewa na babu, na babu hajamwona.

Akheri

Wakatoliki wa Akheri ni wachache, hawatoshi kutulaza sote, kwa hiyo majirani zao Walutheri walikubali kutulaza. Wema wa namna hiyo, kama mnavyojua, huwa unaninyima usingizi. Katekista wa kigango alisimama mlangoni anatugawa kwenye nyumba, Sista Pulkeria amesimama karibu yake. Zamu yangu ilipofika, katekista akasita, Sista akasema neno dogo, nami nikaambiwa niende nyumba ya tatu juu ya mfereji, kwa Mzee Eliamani. Eliapenda alibaki na kina mama kigangoni. Jina la baba yake sikuwa nimeambiwa.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nikafika kwenye uzio nikapaza sauti, "Tumsifu Yesu Kristo." Kimya. Nikakumbuka niko kwa nani, nikasema, "Bwana Yesu asifiwe." Sauti nzito ikajibu amina, na mzee mrefu mwenye koti la mvua akatoka bandani kwa ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha. Mkewe akaja na jagi la maji na beseni ninawe mikono. Mimi nilikuwa na begi bega moja na tawi mkononi. Sikutaka kulitupa chini kwenye kiwanja cha watu, basi nikamkabidhi mzee anishikie. Nilimpa kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mkubwa kitu.

Alilipokea, akaliona fundo. Alisimama hivyo hivyo, nami nikasimama na mikono iliyokunjuliwa nikisubiri maji. Nilipogeuka, yule mama alikuwa ameinamisha jagi bila kujua, maji yote yanaishia kwenye viatu vyake.

Mzee akaita kwa Kimeru kuelekea boma la pili. Akaja mdogo wake, mfupi, macho makali. Wakaliangalia jani wote wawili. Kiti kikaletwa, nikawekwa katikati yao, na mdogo mtu akaanza kuniuliza: natoka wapi, baba yangu ni nani, ni ukoo gani. Nikajua moja kwa moja. Yule bibi wa Kikwe amepiga simu. Mimi mwizi wa mipaka nimekamatwa na mzigo mkononi, tena nimeukabidhi mwenyewe. Mama alinifundisha kwamba ukibanwa kwa kosa dogo, likiri upesi kabla halijakua.

"Mzee, nimekosa," nikasema. "Nilifanya bila kufikiri, nikadhani hakuna atakayejali. Naomba unisamehe."

Yule mama akakaa chini kwenye ngazi, akajifunika uso kwa khanga.

Mzee akazungumza taratibu, kwa Kiswahili cha mtu anayesoma Biblia kila asubuhi. "Nimekaa ndani ya uzio huu nikisubiri mtu aje na isale. Ningelipokea hata kwa mtoto mdogo. Binti yangu alikosa, na mwana akikosa humtupi. Lakini aliyemkosesha hakuniona hata mtu wa kuombwa radhi. Hakuja yeye, hakuja mjomba wake, hakuja mbwa wao. Ningemfungulia vipi binti yangu mlango, wakati upande wa pili unasema nyumba yangu si nyumba?"

Ndipo nikaelewa. Ninyi mliozaliwa na Wameru au Wachagga mlikwisha kucheka tangu Kikwe. Mimi nimekulia Sakina kwenye spana na matairi, nilijua ule mmea ni wa mipaka tu. Sikujua kwamba jani la isale likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu aliyekosewa ni ombi la msamaha, na kwamba mtu mwenye heshima zake halikatai. Nilikuwa nimelibeba kutoka Kikwe, nikalikabidhi kwa mikono miwili, na juu yake nimekiri kosa kwa kinywa changu.

"Ni wewe?" akauliza mdogo mtu.

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa la kweli. Ni tawi tu, baba, tumeshika matawi wote, ni ishara ya matembezi. Maneno yale yalinifika ulimini. Niliwaza jina langu, somo la kwanza ninalosoma kila Jumapili, na mama yangu. Niliwaza pia kwamba nimewekwa mtegoni, na Sista, au Eliapenda, au wote wawili, na hasira ikanipanda. Kisha nikamwona yule mama kwenye ngazi. Alikuwa ameondoa khanga usoni, ananitazama mdomo. Nikisema ni tawi tu, basi hakuna aliyekuja. Na huko chini kigangoni kulikuwa na mtu aliyekataa kuitoa mimba, sisi tunazunguka na mabango tukisema amefanya vema, naye hana pa kulala. Swali la yule muuza ndizi likanirudia, na safari hii sikumshuku kutumwa na mtu.

"Nimelileta mimi," nikasema.

"Nimekuuliza kama ni wewe."

"Mwache," akasema mzee. "Amekwisha kuja."

Akasimama, akalichomeka lile jani juu ya mlango wa nyumba, kwenye pengo kati ya ubao na bati. Akabaki ametupa mgongo. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Mtoto wangu yuko wapi?"

Nikamwambia yuko kigangoni. Mkewe hakusubiri nimalize. Alishuka njia ile bila viatu, akipiga vigelegele, na nusu ya watembeaji wetu wakatoka kwenye nyumba walizogawiwa kuona kuna nini. Boniventura alipanda mpaka kwenye uzio. Alichokiona ni mimi nimekaa katikati ya wazee wawili, kichwa chini, na binti wa nyumba anarudishwa na mtoto. Mtu mwenye akili timamu angeelewa alivyoelewa yeye. Simu yake alikuwa nayo mkononi.

Eliapenda alisimama nje ya uzio, hakuvuka. Baba yake alimfuata hapo. Hawakukumbatiana wala nini, alinyoosha mikono tu akamchukua mtoto, na mtoto akamshika ndevu. Mzee akaingia naye ndani, na Eliapenda akafuata nyuma.

Jioni ile tulikula mtori. Huo ndio uji wa ndizi na nyama wanaompikia mwanamke aliyetoka kujifungua, na yule mama aliupika kwa chungu kizima, akampa binti yake bakuli la kwanza na kumlazimisha amalize, ingawa mtoto ameshaota meno na alikuwa anatembea kwa kushikilia viti. Mimi nilipewa nyama ya mfupa, nikaizungusha mara mbili kwenye sahani kabla ya kuila. Ilikuwa nyama tu, tena tamu.

Akheri mpaka Moshono

Asubuhi nilimkuta Eliapenda anafagia kiwanja. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza kwa ukali, lakini sauti ilitoka ndogo. Nikamuuliza kama alijua, alipolifunga lile jani.

"Lilikuwa linamchoma mtoto machoni, kaka," akasema. Akaendelea kufagia kidogo, kisha akasimamisha ufagio. "Asante."

Mpaka leo nimelipindua jibu hilo pande zote. Asante ya nini, kama lilikuwa linachoma macho tu? Sista Pulkeria naye nilipombana alisema nyumba aligawa katekista, na katekista akasema aligawa Sista. Nimeamua kuwashuku wote sawasawa.

Mzee Eliamani alinisindikiza mpaka kwenye uzio. Wenzangu walikuwa wanajipanga barabarani, matawi yao yamenyauka, mengine yamebaki vijiti. Mzee akawatazama muda mrefu.

"Vijana wenu wote walikuja na matawi," akasema. "Niliwaona jana wakipita hapa, kila mmoja na lake."

Nikafungua mdomo nijieleze, akaninyamazisha kwa kuinua kidole.

"Nina macho. Aliyeleta isale ni wewe peke yako. Mengine sijaambiwa na mtu, na kitu ambacho sijaambiwa sina haja ya kukijibu." Akanipa mkono. "Jumapili ijayo mtoto anabatizwa. Jina lake ni Gaudensi."

Jina la mtakatifu wa Kikatoliki, kwenye nyumba ya mzee wa kanisa la Kilutheri. Nilitaka kumuuliza kama ana hakika, nikainamia kamba za viatu vyangu asinione uso. Nilifurahi, wenzangu. Nilifurahi nikakosa hata mtu wa kumshuku.

Furaha haikufika mbali. Njia nzima ya kushukia Moshono, kati ya mashamba ya kahawa na zile nyumba mpya zisizoisha kujengwa, mstari wetu ulikuwa na pengo mbele yangu na pengo nyuma yangu. Wasichana wa kwaya walininyamazia. Boniventura alinisogelea mara moja, akaniambia kwa upole wa kutisha kwamba ni vema nimekuja na kutubu, ila ningeanza kwa kuwaambia viongozi. Nikamuuliza nimetubu nini. Akasema Mungu anajua, nami nikakubaliana naye kwa hilo.

Moshono mpaka Sakina

Mjini Muhindi mmoja mwenye duka la vitambaa alikuwa ametuwekea madumu ya maji ya kunywa mlangoni. Nilisimama mbele ya dumu nikinusa kikombe. Mama yake, kizee mwenye miwani minene, akaniambia kwamba mkwewe amejifungua wiki hiyo, na wakisikia watu wanapita kwa ajili ya watoto hawawezi kukaa kimya. Akanitia kipande cha sukari guru kiganjani. Nikala bila kukichunguza. Nadhani nilikuwa nimechoka.

Sakina tuliingia tukiimba, na watu wa gereji wakatoka kunitazama. Kwenye Misa, Boniventura alimpa mtu mwingine somo la kwanza. Sikuambiwa lolote. Niliona tu kijana wa kidato cha nne anapanda kwenye mimbari, na mimi nimekaa na Biblia yangu niliyoifungua ukurasa ule ule. Nilikwenda baadaye kwa Paroko nikamweleza yote kama ninavyowaeleza ninyi. Alicheka mpaka akavua miwani, akaivaa tena, akasema anaweza kutangaza ukweli nikitaka. Nikamwambia asitangaze.

Nyumbani mama alikuwa mlangoni. Habari ilikuwa imemfikia kabla sijavuka Moshono. Alinizunguka kwa macho kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akaniuliza swali moja tu, kama mtoto ni wangu. Nikasema hapana, nikamsimulia. Alisikiliza bila kuonyesha anaamini au haamini, kama kawaida yake. Nilipomaliza akauliza mtoto ameitwa nani. Nikamwambia.

Akaingia chumbani. Alitoka na khanga yake mpya, ile ambayo bado ina gamu, na chupa ya asali ya Singida ambayo hata mgonjwa haonjeshwi.

"Mtoto mwenye jina la mwanangu hatazamwi mikono mitupu," akasema. "Jumapili tunapanda wote."

Tulikwenda. Jani lilikuwa bado lipo juu ya mlango, limekauka rangi ya kahawia, fundo halijalegea. Eliapenda alikuwa jikoni anacheka na mama yake. Mtoto alinikojolea shati.

Sasa ombi langu. Najua ninyi ni rafiki zangu, na najua baadhi yenu mmekwisha kugombana na watu kwa ajili yangu pale kituoni. Lakini Akheri si mbali, na wauza ndizi wanashuka Sakina kila siku na kupanda na habari. Mzee amesema hajaambiwa, na siku atakapoambiwa mbele ya watu kwamba mtoto si wangu, itabidi ajibu. Kwa hiyo mkisikia wanasema mtoto ni wangu, acheni waseme. Msinitetee.